Kabla ya Kupanga Nchi kwa Kipimo cha Gini

Mwezi Julai mwaka 2025 serikali ya India ilitoa taarifa kwamba nchi hiyo imeshika nafasi ya nne duniani kwa usawa wa kipato, ikitanguliwa na Slovakia, Slovenia na Belarus. Msingi wa taarifa hiyo ulikuwa takwimu moja ya Benki ya Dunia, yaani kipimo cha Gini cha 0.255, katika mizani ambayo 0 ni hali ya kila mtu kupata sawa na mwenzake na 1 ni hali ya mtu mmoja kuchukua kila kitu. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, wachumi Nitin Kumar Bharti, Lucas Chancel, Thomas Piketty na Anmol Somanchi walikuwa wamechapisha makadirio yaliyoonyesha kwamba asilimia 1 ya watu wenye kipato kikubwa zaidi nchini humo walichukua asilimia 22.6 ya kipato chote cha taifa katika mwaka wa 2022/23, kiwango kinachoiweka India miongoni mwa nchi zenye pengo kubwa kabisa. Nchi ni ileile, na kipindi ni kilekile. Takwimu zote mbili zilikokotolewa na watu wanaoijua kazi yao, na si lazima yeyote awe ameghushi chochote ili zipishane namna hiyo.

Mkanganyiko wa aina hii ndio unaonifanya niandike. Wengi wetu tukiona nchi mbili zimepewa namba mbili, tunakimbilia kuuliza ipi ni kubwa, kisha tunajenga juu yake hoja za sera, za uchaguzi na hata za fahari ya taifa. Ninachokishikilia ni kwamba makosa makubwa katika kulinganisha ukosefu wa usawa hutokea kabla hesabu haijaanza, pale panapoamuliwa kitu gani kihesabiwe kuwa kipato, nani awekwe pamoja na nani, na nani asiyeonekana kabisa katika daftari la mpimaji. Jedwali linalopanga nchi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho bila kusema maamuzi hayo yalikuwa yapi halistahili kuchapishwa, hata kama kila tarakimu iliyomo ni sahihi.

Tuanze na kinachohesabiwa. Utafiti wa kaya uliozaa Gini ya 0.255 ya India uliuliza kaya imetumia nini. Haukuuliza imepata nini. Ndivyo ilivyo pia katika sehemu kubwa ya Afrika na Asia Kusini, ilhali Amerika ya Kusini na nchi tajiri kwa kawaida hupima kipato chenyewe. Uamuzi wa kupima matumizi una sababu nzuri. Mkulima hupata fedha msimu wa mavuno na huenda asipate kitu kwa miezi kadhaa; mfanyabiashara mdogo hatenganishi fedha ya biashara na fedha ya nyumbani; kibarua hakumbuki alilipwa kiasi gani wiki ya tatu iliyopita. Mtu huyohuyo ukimuuliza alinunua nini na alikula nini, atajibu kwa uhakika zaidi. Kwa kupima umaskini, ninaona kwamba matumizi ni kipimo bora kuliko kipato.

Tatizo linajitokeza tunapopima pengo. Mwenye kipato kikubwa hatumii chote. Huweka akiba, hununua hisa, huongeza mtaji, na fedha hiyo yote haionekani katika orodha ya manunuzi. Mwenye kipato kidogo, mwaka ukiwa mbaya, hukopa au huuza mali ili kaya isilale njaa, kwa hiyo matumizi yake huzidi kipato chake. Ncha zote mbili husogea kuelekea katikati na Gini hushuka, ingawa hakuna aliyekuwa tajiri zaidi wala maskini zaidi kwa sababu ya dodoso kubadilishwa. Klaus Deininger na Lyn Squire wa Benki ya Dunia, walipokusanya takwimu za nchi nyingi mwaka 1996, walipendekeza kuziongezea Gini za matumizi pointi 6.6 katika mizani ya 100 ili zilingane na zile za kipato. Miaka mitano baadaye wachumi Anthony Atkinson na Andrea Brandolini walionyesha udhaifu wa dawa hiyo. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine na kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, kwa hiyo hakuna namba moja inayoweza kuongezwa kila mahali. Onyo lao bado halijasikika vya kutosha, kwa kuwa orodha za kimataifa zinaendelea kuziweka aina zote mbili katika safu moja. Itazame Afrika Kusini, ambayo kwa muda mrefu imekuwa kileleni mwa orodha hizo ikiwa na Gini ya takriban 0.63 iliyotokana na utafiti wa 2014/15. Namba hiyo ni ya matumizi. Nchi hiyo imefika kileleni ikiwa imepimwa kwa kipimo kinacholegeza pengo.

Sasa tuje kwa wasioonekana. Mdadisi wa takwimu hubisha hodi katika kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na kazi yake hutegemea mlango kufunguliwa na mwenye nyumba kuwa tayari kukaa naye kwa saa moja au mbili akijibu maswali. Penye geti, mlinzi na mwenye nyumba ambaye yuko safarini, hilo ni nadra kutokea. Hata bila kukataliwa, watu wenye vipato vikubwa kabisa ni wachache kiasi kwamba sampuli ya kaya elfu kumi inaweza kumaliza kazi bila kumkuta hata mmoja wao. Na akipatikana, kipato kitokanacho na gawio, riba na faida ya mtaji ndicho ambacho watu hukitaja pungufu kuliko mshahara. Ndiyo sababu watafiti waliamua kurejea kwenye kumbukumbu za kodi, njia ambayo mchumi Simon Kuznets alikwisha kuitumia kwa Marekani mwaka 1953 na ambayo Piketty na Emmanuel Saez waliifufua mwaka 2003 kwa mfululizo unaoanzia 1913.

Uzito wa kuwakosa watu hawa unaweza kuonekana kwa hesabu fupi ya Atkinson. Tuseme kikundi kidogo sana cha watu wa juu hakimo katika utafiti, na kikundi hicho huchukua sehemu S ya kipato chote. Gini halisi itakaribia Gini ya utafiti ikizidishwa kwa 1 ukitoa S, kisha ukajumlisha S. Kama utafiti umetoa 0.40 na waliokosekana wanachukua asilimia 20, Gini halisi ni 0.40 mara 0.80, sawa na 0.32, ukijumlisha 0.20 unapata 0.52. Watu ambao hawafiki hata mmoja kati ya mia wameisogeza nchi nzima kutoka kundi moja la orodha hadi kundi jingine.

Igeuze hesabu hiyo uitumie kwa India. Ikiwa asilimia 1 ya juu huchukua asilimia 22.6 ya kipato na Gini ya nchi nzima ni 0.255, basi asilimia 99 waliobaki wangepaswa kuwa na Gini isiyozidi takriban 0.05 miongoni mwao wenyewe. Maana yake ni kwamba kibarua wa shambani, mwalimu, daktari na mwenye kiwanda cha wastani wangekuwa wanapata karibu sawa. Hakuna jamii ya ukubwa huo inayofanana na hiyo. Namba hizo mbili haziwezi kuwa maelezo ya kitu kimoja, na yeyote aliyefanya hesabu hiyo ya dakika tano angeligundua hilo kabla ya kuandika taarifa kwa vyombo vya habari.

Hata hivyo, kumbukumbu za kodi nazo si kioo safi, na ninawaonya wale wanaozikumbatia kana kwamba zimemaliza mjadala. Asiyelipa kodi hayumo humo, na katika nchi ambako wanaojaza fomu za kodi ni wachache, sehemu kubwa ya watu inabidi ikadiriwe kwa njia nyingine. Sheria ikibadilika, takwimu hubadilika hata kama maisha hayajabadilika. Baada ya mageuzi ya kodi ya mwaka 1986 nchini Marekani, wenye biashara wengi waliona nafuu kuhamisha faida kutoka fomu za kampuni hadi fomu za mtu binafsi, na kipato cha watu wa juu kikaonekana kupaa kwa muda mfupi kwa sababu, kwa sehemu, kilikuwa kimehama ukurasa. Leo Piketty, Saez na Gabriel Zucman kwa upande mmoja, na Gerald Auten na David Splinter kwa upande mwingine, wanaanza na kumbukumbu zilezile za kodi za Marekani na kufikia majibu yaliyo mbali. Wa kwanza wanaona sehemu ya asilimia 1 ya juu imepanda sana tangu miaka ya 1960. Wa pili wanasema kwamba, ukishaondoa kodi na kuongeza misaada ya serikali, imebadilika kidogo tu. Kiini cha ugomvi wao ni namna ya kuwagawia watu kipato ambacho hakikuandikwa popote katika fomu, kuanzia fedha zilizokwepwa kodi hadi thamani ya huduma za umma. Sehemu kubwa ya kipato cha taifa haimo katika fomu ya mtu yeyote, na lazima mtafiti aamue ni ya nani.

Kuna maamuzi mengine mawili ambayo yanaonekana ya kiufundi lakini yana nguvu kubwa. La kwanza ni kaya. Mtu mmoja anayeishi peke yake na kipato cha 8 na familia ya watu wanne yenye kipato cha 8 hawawezi kuhesabiwa sawa. Ukigawanya kwa vichwa, wale wanne wana 2 kila mmoja. Ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, kama watafiti wengi wa kimataifa wafanyavyo, wana 4. Ukitumia uzani unaompa mtu mzima wa kwanza 1, wa pili 0.5 na kila mtoto 0.3, wana karibu 3.8. Familia ileile imepata viwango vitatu vya maisha. Jamii zenye familia kubwa miongoni mwa maskini huonekana na pengo kubwa zaidi kwa kipimo cha vichwa kuliko kwa vipimo vingine, hivyo kuzilinganisha na jamii za familia ndogo bila kutaja uzani ni kulinganisha idadi ya watoto kwa jina la kipato.

La pili ni kodi na ruzuku. Nchini Ufaransa Gini ya kipato kabla ya kodi na malipo ya serikali hukaribia 0.5, na baada yake hushuka hadi karibu 0.3. Umbali huo hutajwa mara nyingi kama kipimo cha kazi ya serikali, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini mzee anayeishi kwa pensheni ya umma anahesabiwa kuwa hana kipato chochote kabla ya malipo ya serikali, na mwenzake wa nchi nyingine aliyeweka akiba katika mfuko binafsi anahesabiwa kuwa nacho. Wote wawili walikatwa fedha walipokuwa kazini na sasa wanarudishiwa. Wa kwanza anaipandisha Gini ya mwanzo ya nchi yake kwa sababu tu ya jina la mfuko uliomlipa.

Tuchukulie sasa kwamba yote hayo yamepatana: kitu kimoja kimehesabiwa, kwa watu wote, kwa uzani mmoja. Bado tutajikuta mbele ya swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na litaonekana vizuri zaidi kwa kaya chache kuliko kwa mataifa.

Jamii ya kwanza ina kaya tano zenye kipato cha 1, 2, 3, 4 na 10. Jamii ya pili ina kaya tano zenye 1, 1, 3, 7 na 8. Kila jamii ina jumla ya 20 na wastani wa 4. Ukokotoe Gini kwa kuchukua tofauti kati ya kila jozi ya kaya na kuzijumlisha: katika jamii ya kwanza utapata 40, katika ya pili utapata 40. Gawanya kwa mraba wa idadi ya kaya ukizidisha kwa wastani, yaani 100, na zote mbili zina Gini ya 0.40. Jedwali la kimataifa lingeziweka bega kwa bega.

Ziangalie tena polepole. Katika ya kwanza kaya moja inachukua nusu ya kipato chote, na nne zilizobaki zinatofautiana kwa ngazi ndogondogo. Katika ya pili hakuna mwenye nusu, lakini kaya mbili za juu kwa pamoja zina 15 kati ya 20, na kaya mbili za chini zina 2 tu, ambapo wenzao wa jamii ya kwanza wana 3. Ukizichora kwa njia aliyoibuni Max Lorenz mwaka 1905, ukianza na maskini na kujumlisha kuelekea kwa tajiri, ya kwanza inapita kwenye asilimia 5, 15, 30, 50 na 100, na ya pili kwenye 5, 10, 25, 60 na 100. Michoro hiyo miwili inakatana. Corrado Gini, aliyependekeza kipimo chake mwaka 1912, alitupa namba moja inayofupisha eneo lililo kati ya mchoro huo na mstari wa usawa kamili, na maeneo mawili yanaweza kulingana hata kama maumbo yake yanasimulia mambo tofauti kabisa.

Mwaka 1970 Atkinson alilifanya jambo hili kuwa wazi kuliko mtu yeyote kabla yake, akiendeleza fikra ya Hugh Dalton ya mwaka 1920 kwamba kila kipimo cha pengo hubeba ndani yake hukumu kuhusu maslahi ya jamii. Michoro ya Lorenz ikikatana, alionyesha, daima utaweza kupata vipimo viwili vya halali vitakavyozipanga jamii hizo kinyume. Nimejaribu kwa kaya zetu tano. Kipimo kinachotazama mtawanyiko kutoka kwenye wastani, yaani wastani wa mraba wa umbali wa kila kaya kutoka hapo, ambacho huguswa zaidi na kipato kikubwa kabisa, kinaipa ya kwanza mtawanyiko wa 10 na ya pili 8.8, hivyo ya kwanza ndiyo yenye pengo zaidi. Kipimo cha Atkinson chenye kujali walio chini kwa kiwango cha 1 kinaipa ya kwanza 0.25 na ya pili 0.30, hivyo ya pili ndiyo mbaya. Kiwango hicho cha kujali kikipandishwa hadi 2, ya kwanza inapata 0.43 na ya pili 0.52. Hakuna mwenye kosa. Aliyechagua kipimo cha kwanza amesema anaudhika zaidi na mmoja kuchukua nusu. Aliyechagua cha pili amesema anaudhika zaidi na wawili kuachiwa makombo.

Mimi nimo katika kundi la pili, na ninalisema ili msomaji ajue ninaposimama. Kinachonikera ni wale wanaotumia Gini wakidhani kwamba hawajachagua upande wowote. Gini nayo ina upande: huguswa zaidi na mabadiliko yanayotokea pale walipo watu wengi, katikati, na huguswa kidogo na yale ya nchani. José Gabriel Palma wa Chile aliona kwamba asilimia 50 ya katikati, yaani wale walio kati ya maskini asilimia 40 na tajiri asilimia 10, huchukua takriban nusu ya kipato karibu kila mahali, na kwamba nchi hutofautiana hasa katika namna nusu nyingine inavyogombaniwa na ncha hizo mbili. Ikiwa ni hivyo, Gini inakodoa macho pale ambapo nchi zinafanana. Uwiano unaoitwa kwa jina lake, wa kipato cha asilimia 10 ya juu kwa kile cha asilimia 40 ya chini, ni mbovu kwa wanahisabati wengi kwa kuwa hauoni uhamisho wowote ndani ya kundi la katikati. Una sifa moja ambayo Gini haina: mtu yeyote anaweza kuelezwa maana yake kwa sentensi moja.

Mambo hayo yote yakihamia kwenye dunia nzima, hupata mzigo wa ziada wa bei. Mchumi Branko Milanovic ametenganisha maswali matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa: pengo kati ya wastani wa nchi, kila nchi ikihesabiwa moja, pengo hilohilo, kila nchi ikipewa uzito wa watu wake, na pengo kati ya watu wote wa dunia bila kujali mipaka. Swali la kwanza huipa Luxembourg na China kura sawa. La pili kwa miongo kadhaa lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, hadithi ya ukuaji wa China. La tatu ndilo gumu, na kwa makadirio yake Gini ya dunia ilikuwa karibu 0.70 mwishoni mwa miaka ya 1980 na karibu 0.60 ilipofika 2018. Ili kulijibu, lazima kipato cha kila nchi kigeuzwe kulingana na uwezo wa kununua. Vipimo vipya vya bei za mwaka 2005 vilipotolewa mwishoni mwa 2007, makadirio ya ukubwa wa uchumi wa China yalishuka kwa takriban asilimia 40 kwa mpigo mmoja, na Gini ya dunia ikapanda kwa takriban pointi tano katika mizani ya 100. Hakuna familia hata moja ya Kichina iliyopoteza chochote siku hiyo.

Kwa hiyo ninapendekeza jambo dogo ambalo taasisi zinaweza kuanza nalo bila kusubiri mkutano wowote. Kila Gini inayochapishwa ibebe mbele yake maneno machache: ni ya kipato au matumizi, kabla ya kodi au baada yake, kwa uzani gani wa kaya, na kama vipato vya juu vimesahihishwa kwa kumbukumbu za kodi. Kando yake zichapishwe sehemu za kipato za kila asilimia 10 ya watu, namba kumi tu, ili msomaji aweze kuchora mstari wa Lorenz mwenyewe na kuona kama unakatana na ule wa nchi anayolinganisha nayo. Mradi wa Luxembourg wa kuoanisha takwimu za kaya umekuwa ukiifanya kazi ya aina hii tangu 1983, na mkutubi au mwanafunzi anayetaka kujua dodoso liliuliza nini anaweza kulisoma. Kinachopungua zaidi ni majedwali ya kodi. Nchi nyingi huyakusanya kila mwaka na kuyafungia kabatini, ilhali idadi ya walipakodi na jumla ya kipato katika kila daraja, bila jina la mtu hata mmoja, vingetosha kumjulisha mpimaji ni nani waliokuwa nyuma ya lile geti.